Sura ya Sita: Viti Vinne vya Mosocho

Shangazi yangu Nyanchoka alirudi kutoka Mosocho na habari kwamba mchumba wangu amejiunga na dini mpya.

Aliisema habari hiyo akiwa bado mlangoni kwetu Ikonge, mwavuli mkononi, viatu vimejaa matope ya njia ya chai. Mama yangu, Bonareri, aliacha kuchambua mboga ya saga. Mimi niliacha kupumua.

"Dini gani?" Mama aliuliza.

"Haina jina. Wanajifungia kwenye chumba nyuma ya ile saiba, lile duka la kompyuta anakofanya kazi. Nilichungulia dirishani."

"Shangazi, ulichungulia watu?"

"Mshenga asipochungulia ataona nini?" Aliketi, akavua kiatu kimoja. "Walikuwa wanne. Mmoja anafuma sweta huku anatembea. Mmoja anajaza namba kwenye kitabu. Mmoja ameitoa redio matumbo yote, ameyapanga mezani. Na huyo wako amekaa pembeni anachora karatasi kwa kalamu nyekundu. Nusu saa nzima hakuna aliyemtazama mwenzake, hakuna aliyesema neno. Na taa wamezima. Bonareri, sisi tunaomba kwa sauti. Hata wale wa vilemba na ngoma wanaomba kwa sauti. Hao wanaomba nini kimya hivyo?"

"Hawaombi," nilisema. "Ni marafiki zake. Hukutana kila Jumapili."

"Marafiki hukutana kufanya nini?"

"Hayo uliyoyaona."

Shangazi alimtazama Mama. Mama aliitazama mboga. Nilifumba macho, maana jambo hilo nilikuwa nimelieleza mara nne katika nyumba hiyo hiyo, mbele ya watu hao hao. Nilikuwa nimewaambia kwamba Phanice, mchumba wangu, ana usonji, kwamba daktari mmoja mjini Kisii alimpa jina hilo akiwa na miaka ishirini na miwili, na kwamba alilia kwa furaha siku hiyo kwa sababu maisha yote alidhani yeye ni mtu mbaya tu. Niliwaambia si ugonjwa wala laana. Kila mara waliitikia kwa kichwa, wakasema wameelewa, kisha Mama akauliza kama kuna dawa.

"Sina neno baya na huyo mtoto," Mama alisema sasa, taratibu, kwa sauti ile anayoitumia akiwa na neno baya. "Lakini wewe ni kifungua mimba wangu. Msiba ukitokea hapa, watu mia mbili wakaja, ataweza kuwapokea? Nikiugua, wanawake wa hapa watamjia mtu asiyejua kuketi na watu? Mtu hujengewa nyumba na mume, Okemwa, lakini hukaa ndani yake kwa sababu ya wenzake."

"Ana wenzake."

"Wanaotazama ukuta," Shangazi alisema.

Nilisimama. Nilitembea hadi dirishani, nikarudi. Damu yangu ina haraka, kila mtu Ikonge anajua, na Shangazi aliniacha nizunguke kama ng'ombe aliyefungwa kamba hadi nikachoka.

"Sikiliza," alisema. "Nimeunganisha nyumba kumi na saba. Sijawahi kupeleka neno kwa wazazi wa msichana ambaye rika lake halijamsemea. Hiyo ndiyo kazi ya esigani, ya mshenga, kuwauliza wenzake, si kumuuliza yeye. Jumapili ijayo nitakwenda tena, safari hii kwa mlango. Wakimsemea, kesho yake niko kwa wazazi wake Sironga. Wakinyamaza, nami nitanyamaza. Utajitafutia mshenga mwingine."

"Hakuna mshenga mwingine," Mama alisema.

Na ilikuwa kweli.

*

Phanice nilimpata kwa sababu ya hasira. Nilikuwa nimepeleka daftari langu la mashairi pale saiba lipigwe chapa. Mashairi themanini, niliyoyaandika jioni baada ya kushinda kwenye kituo cha majani chai nikipima magunia ya watu. Hakuna mwalimu aliyenifundisha. Nilitarajia binti wa kompyuta aniambie hajawahi kuona mambo kama hayo. Alinirudishia daftari likiwa na alama nyekundu arobaini na moja.

"Ubeti wa pili, mshororo wa tatu, upande wa mwisho una mizani saba badala ya nane," alisema, akitazama sikio langu. "Unaanguka."

Nilirudi kesho yake kumtukana. Nilimkuta anakula ndizi peke yake nje ya duka. Kabla sijafungua mdomo aliniambia kwamba shairi la tisa alilisoma mara sita, na kwamba mara ya sita ilibidi afunge kompyuta kidogo. Nikasahau matusi yote. Tangu siku hiyo nimekuwa nikipeleka beti Mosocho, na tangu siku hiyo hakuna hata ubeti mmoja uliorudi bila wekundu.

Huyo ndiye niliyekuwa karibu kumpoteza kwa sababu ya marafiki wasiojua kupiga soga.

Basi nilifanya alichofanya kila kijana wa kwetu kabla yangu. Niliandaa majibu. Rika huulizwa, rika husifu, mshenga hukuna kidevu, watu huoana. Jumatatu nikamfuata Ronny, yule wa kitabu cha namba, kwenye kitalu cha miche ya migomba anakofanya kazi. Ronny ni mrefu, mpole, na tangu darasa la nne ameandika kiasi cha mvua ya kila siku. Nilikuwa nimemwonea wivu miezi mitatu hadi nilipogundua kwamba yeye na Phanice, katika Jumapili nzima, huongea dakika nane, na dakika saba ni za mvua.

Alisoma karatasi yangu akiwa amesimama kati ya miche.

"Hapa umeandika Phanice ni mcheshi."

"Ndiyo."

"Si mcheshi."

"Ronny, hayo ndiyo majibu mshenga hupewa. Kila mtu anajua."

"Kama kila mtu anajua si kweli, kwa nini anauliza?"

"Ni desturi."

"Desturi ya kuuliza au ya kudanganya?"

Niliushika mti wa kivuli uliokuwa karibu, nisije nikamshika yeye. "Zote mbili. Wewe soma tu. Wasomee na wenzako. Na usimwambie Phanice."

"Akiniuliza?"

"Hatauliza. Hajui."

"Nisome yote?"

"Soma yote," nilisema, tayari nikiwa nimegeuka kuondoka. Neno hilo moja ndilo lililonimaliza.

*

Jumapili, saa tisa kasoro dakika tano, niliusukuma mlango wa kile chumba, Shangazi akiwa nyuma yangu kwa kitambaa chake cha kanisani. Mathew, yule wa redio, aliruka kwenye kiti. Skrubu zake zilitawanyika sakafuni.

"Hujabisha," Phanice alisema bila kugeuka.

"Phanice, Shangazi amesimama juani."

"Jua halimzuii mtu kubisha. Imeandikwa mlangoni."

Ilikuwa imeandikwa kweli, kwa mkono wake mwenyewe: Bisha mara mbili. Subiri. Nilikuwa nimepita mbele ya karatasi hiyo Jumapili nyingi. Nilimtazama Shangazi, mwanamke aliyeunganisha nyumba kumi na saba, akinitazama kwa subira ya mtu anayeandika kila kitu kichwani. Nikatoka nje. Nikafunga mlango. Nikabisha mara mbili kama mtoto wa shule. Nikasubiri.

"Karibuni," Phanice alisema.

Alikuwa amevaa lile gauni la kijani ninalolipenda, lile ambalo amelikata lebo ya shingoni kwa sababu humwasha. Nywele zake zilikuwa zimesukwa upya. Nilijua kusukwa humuumiza hadi machozi, na nilijua alisukwa kwa ajili ya siku hiyo. Hasira zangu zote zikapungua nusu.

Shangazi alipita akisalimia kwa mikono miwili, kama tunavyofanya. Ronny alimpa mkono kisha akaupangusa kwenye suruali. Loice, msichana wa sweta, alimpa kiwiko maana vidole vilikuwa kwenye uzi. Mathew alipunga mkono kutoka chini ya meza. Phanice aliinama kidogo, macho yake kwenye vifungo vya blauzi ya Shangazi.

"Naona binti ana adabu," Shangazi alisema. "Hamkazii mkwe macho."

Nilishusha pumzi. Mungu alikuwa amenipa alama moja ya bure.

"Si adabu, mama," Phanice alisema. "Nikimtazama mtu machoni, simsikii anachosema. Wewe umetoka mbali. Nataka kukusikia."

Nilitamani kumziba mdomo kwa mkono wangu. Shangazi alikohoa.

Kisha likaja suala la kuketi. Chumba kilikuwa na viti vinne, kila kimoja na mwenyewe na mahali pake, na hakijawahi kuwa na zaidi. Mimi siku zote husimama mlangoni, nikisema niliyo nayo, kisha naondoka. Loice alimpa Shangazi kiti chake.

"Mimi hata sikai," alisema. "Akili yangu ni panzi, mama. Ikiruka nami naruka."

"Na mimi?" niliuliza.

Phanice alinionyesha kreti tupu ya soda pembeni.

Nikakaa juu ya kreti, magoti yakiwa karibu na masikio, mbele ya watu niliokuwa nimekuja kuwaokoa.

"Mimi ni mshenga," Shangazi alianza. "Nimekuja kwa sababu ya binti huyu na kijana wetu. Nataka rika lake liniambie yeye ni mtu wa namna gani."

Ronny alisimama. Alitoa karatasi yangu mfukoni, akaikunjua, akaisoma kwa sauti ile ile anayosomea mvua.

"Phanice ni mcheshi na anapenda watu wote. Hapa cheka kidogo."

Hakuna aliyecheka. Kisha Loice akakumbuka, akacheka, mara mbili, akaendelea kufuma.

"Ronny," nilisema.

"Hajawahi kukosana na mtu yeyote tangu azaliwe. Jikoni ni hodari. Hapa mtazame Shangazi machoni, hesabu tatu, kisha tazama chini kwa heshima." Ronny aliinua uso, akamkodolea Shangazi macho. "Moja. Mbili. Tatu." Akatazama chini.

"Ronny, inatosha."

"Umesema nisome yote. Imebaki mistari sita."

Kalamu nyekundu ya Phanice ilikuwa imesimama juu ya karatasi. "Nani ameandika hayo?"

"Okemwa," Ronny alisema. "Alinipa Jumatatu, saa nane na dakika kumi. Aliniambia nisikwambie, lakini umeuliza."

Nimewahi kuona mvua ya mawe ikipiga chai changa. Kwanza huwa kunanyamaza.

"Huyo mcheshi ni nani?" Phanice aliniuliza.

"Phanice, ni maneno tu. Kila mtu husema hivyo. Nilikuwa najaribu kusaidia, wewe hujui nyumbani wanasema nini, hujui nimebishana na nani wiki nzima kwa ajili yako, nimeongea hadi koo limekauka, na ninyi hapa hata kumpa mgeni jibu moja la kawaida..."

"Huyo mcheshi ni nani, anayependa watu wote na hajakosana na mtu?"

"Hakuna mtu kama huyo."

"Basi umemwandika kwa sababu unamtaka. Mtafute." Sauti yake haikupanda hata kidogo, na ndiyo iliyoniumiza. "Mimi nilidhani kuna mtu mmoja anayenijua jinsi nilivyo na bado anakuja. Na marafiki zangu umewapa uongo waubebe. Ronny hajui kudanganya. Amekuwa akiumwa tumbo tangu Jumatatu."

"Ni kweli," Ronny alisema. "Tangu Jumatatu jioni."

Vidole vya Phanice vilianza kugonga kiganja, haraka, haraka zaidi. Nilijua dalili hiyo. Niliinuka niende nimshike mikono, nimbembeleze, nimwambie yote yaliyokuwa moyoni, na nilikuwa nayo mengi. Lakini Loice alikuwa ameshafika. Hakumtazama. Aliketi sakafuni, akauegemeza mgongo wake kwenye kiti cha Phanice, karibu na miguu yake, na sindano zake zikaendelea. Mathew alisukuma kibati cha skrubu zilizochanganyika hadi mbele ya Phanice. Ronny alivuta pazia, akarudi kwenye kiti chake, akafungua kitabu cha mvua. Hakuna aliyesema pole. Hakuna aliyeulizwa wala kuambiwa.

Phanice alianza kupanga skrubu. Kubwa huku, ndogo huku. Taratibu vidole vilitulia.

Nilikuwa bado nimesimama katikati ya chumba, mikono mbele, na maneno yangu yote. Nikarudi kwenye kreti.

Shangazi hakuwa amesogea. Alimtazama mmoja baada ya mwingine, kwa muda mrefu.

"Kijana," alimwambia Ronny, "kunja hiyo karatasi. Mrudishie mwenyewe. Sasa niambie bila karatasi. Binti huyu ana kasoro gani?"

Hilo ni swali la mwisho la mshenga, na jibu lake linajulikana tangu enzi za babu: hana kasoro, labda moja tu, anafanya kazi kupita kiasi.

"Nne," Ronny alisema. "Akianza kurekebisha kitu haachi, hata ukiwa umechoka. Hapendi kuguswa ghafla. Akikosewa hunyamaza siku mbili. Na ugali wake ni mbichi katikati."

"Ni kweli," Phanice aliziambia skrubu.

"Na uzuri wake?"

Ronny alifikiri. "Sijauhesabu."

"Mimi nauhesabu," Loice alisema kutoka sakafuni. "Nimefukuzwa vyama vitatu, mama. Nasahau siku, nawakatiza watu wakiongea, naondoka mkutano haujaisha. Huyu kila Jumapili saa nane hunitumia ujumbe: Leo ndiyo siku, vaa viatu. Miaka miwili hajakosa hata moja. Na sijawahi kumwomba."

Mathew alikuwa akiandika kwenye simu yake. Watu wakizidi wanne sauti yake hukataa kutoka. Alimpa Shangazi simu, na Shangazi akaisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti, neno kwa neno.

"Baba yangu alipolazwa, watu wengi walikuja kuniuliza najisikiaje. Sikujua la kuwajibu. Phanice alikuja na kazi yake akakaa. Siku nne. Hakuniuliza kitu."

Shangazi aliirudisha simu. Alitoa leso, akajifuta jasho ambalo halikuwapo.

"Okemwa," alisema, "unamkumbuka Maureen wetu?"

Nilimkumbuka. Ni binti wa mdogo wake, ambaye alirudi nyumbani na watoto wawili na mkono uliovunjika.

"Nilimuunganisha mimi. Niliuliza rika la yule mwanamume, vijana sita. Wote walicheka vizuri. Wote walinitazama machoni. Hagusi pombe, hana hasira, hajakosana na mtu." Alikunja leso. "Karatasi yako ile naijua kwa moyo, mwanangu. Nimesomewa mara kumi na saba. Leo ndiyo mara ya kwanza rika limeniambia habari ya ugali mbichi. Sasa nawauliza ninyi. Na huyu kijana wetu mnamwonaje?"

"Shangazi, hiyo siyo desturi," nilisema.

"Nyamaza."

"Anaingia bila kubisha," Ronny alisema. "Anazungumza amesimama. Mashairi yake yanaendelea vizuri. Akiondoka, Phanice hulala sakafuni, kama saa moja."

Nilihisi kama mtu aliyepigwa na mlango. "Unalala sakafuni? Kwa sababu yangu?"

Phanice alishika skrubu moja kati ya vidole viwili. Ndipo akanitazama. Machoni kabisa, na nilijua gharama yake.

"Unaongea sana, Okemwa. Nakupenda, lakini unaongea sana. Wengine wanajua kusikiliza nusu. Mimi sijui. Nakusikiliza yote."

Mwanamume anaweza kuandika beti mia nane na asiambiwe neno kama hilo.  

Shangazi alijiweka sawa kwenye kiti cha Loice. "Basi. Nitasema niliyoyaona. Binti sina shaka naye. Ana watu wake, na ni watu kweli. Shaka niliyo nayo ni kwa kijana wetu. Hapa huwa mnakaa hadi saa ngapi?"

"Saa kumi na nusu," Ronny alisema.

"Okemwa atakaa hapo hadi saa kumi na nusu, na hatasema neno. Akiweza, kesho naenda Sironga. Bonareri nitamweleza mwenyewe."

"Mimi bado sijaulizwa," Phanice alisema.

Chumba kizima kilimgeukia, kisha kikakumbuka na kutazama pengine.

"Ni kweli," Shangazi alisema. "Unasemaje, binti?"

"Nitajibu saa kumi na nusu."

*

Dakika kumi za kwanza zilikuwa mateso. Kreti ilinichora mistari. Nilikuwa na majibu kwa kila mtu: kwa Ronny na lile neno lake la "yote", kwa Shangazi na mahakama yake, kwa Mama aliyekuwa Ikonge akiuliza dawa. Nilikuwa na ombi la msamaha la beti ishirini. Sindano za Loice zilikwenda tik, tik, tik. Mathew alipuliza vumbi kwenye redio. Nilifikiri nitapasuka kama chungu.

Kisha, sijui saa ngapi, niligundua Shangazi amevua viatu. Macho yake yalikuwa wazi, mikono imelala mapajani. Tangu mume wake azikwe sijawahi kumwona ameketi na watu bila kuwapangia jambo. Hakuna aliyemtaka aseme kitu. Niliona mabega yake yakishuka, kidogo kidogo.

Nami nikamtazama Phanice. Siku zote nimemtazama nikiwa naongea, na mtu anayeongea haoni mengi. Sikuwa nimejua kwamba akisahihisha hutoa ncha ya ulimi. Sikuwa nimejua kwamba kila baada ya muda, bila kuinua kichwa, husogeza mguu ukagusa mgongo wa Loice, kama mtu anayehakikisha mlango umefungwa. Sikuwa nimejua kwamba chumba hicho kina mazungumzo siku zote, na kwamba mimi ndiye nilikuwa nikiyakatiza.

Niligeuza ile karatasi yangu ya uongo. Nyuma ilikuwa nyeupe. Niliomba kalamu kwa kidole, Mathew akanirushia.

Saa kumi na dakika ishirini na nane nilisimama, nikaiweka karatasi mbele ya Phanice, nikarudi kwenye kreti bila kusema neno. Aliisoma. Mimi naijua kwa kichwa:

*Nimekaa kwenye kiti, ulimi nimeufunga,*
*Sina tena hatihati, wala hoja za kupinga,*
*Nipe yako masharuti, nami sitayaboronga,*
*Jumapili kwa wakati, nitabisha, sitaringa.*

Vidole vyake vilianza kuhesabu juu ya meza. Nane. Nane. Nilimwona akirudi mwanzo, akihesabu tena. Ronny alifunga kitabu cha mvua. Loice aliacha kufuma, jambo ambalo sijaliona tena tangu siku hiyo.

Phanice alichukua kalamu nyekundu.

Nilitaka kulia. Hata leo, nilijiambia, hata leo huyu mwanamke hawezi kuniachia mistari minne. Alikata neno moja tu, kwa mstari mwembamba, akaandika jingine juu yake. Akaniletea mwenyewe, akainama, akaiweka kwenye magoti yangu.

Alikuwa amekata *kiti*. Juu yake ameandika *kreti*.

"Mizani haijaharibika," alisema. "Vina pia. Lakini hujakaa kwenye kiti."

Saa ya ukutani ilisema kumi na nusu. Shangazi alikuwa akitafuta viatu vyake kwa miguu, akijifanya hasikilizi. Mimi nilikuwa bado sina ruhusa ya kusema, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikuitaka.

Phanice aliweka kidole juu ya lile neno alilolikata.

"Usilifute kabisa," alisema. "Jumapili ijayo utalihitaji. Viti vitakuwa vitano."